Dakika Kumi na Moja za Kusubiri

Hadi saa tano na robo asubuhi ya Jumatano, Kupe alikuwa ameagiza vikombe vitatu vya chai na hakumaliza hata kimoja. Aliketi, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Koplo, aliyekuwa akipiga chapa hati ya mashtaka kwa vidole viwili, alimtazama kwa pembe ya jicho akaendelea kupiga. Walikuwa wamekaa ofisi moja miaka sita. Alijua mkubwa wake akianza vita na dirisha, kuna jambo limemkaa vibaya.

Kupe halikuwa jina lake la kuzaliwa, ila kituo kizima kilimwita hivyo na mwenyewe aliitika. Inspekta huyu aking'ang'ania jambo habanduki. Safari hii aliyeng'ang'aniwa alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, mlinzi wa jengo, na saa nane kamili mchana gari lingempeleka mahakamani kusomewa shtaka la kuua. Binti yake alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu juzi, mkoba magotini.

"Nisomee tena," Kupe alisema.

"Afande, tumesoma mara nne."

"Basi soma ya tano. Kinywa kimekuuma?"

Koplo alivuta jalada, akasafisha koo kama mtangazaji. "Marehemu, msanifu majengo, miaka hamsini na minane. Jumatatu jioni alikutwa amelala sakafuni katika ofisi yake ya ghorofa ya tatu, amepigwa kisogoni kwa chuma cha kukandamizia karatasi. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alisikia kishindo darini, vumbi likamwagikia gauni la harusi alilokuwa analishona. Redio yake ilikuwa inaanza muhtasari wa habari wa saa kumi na nusu."

"Ana hakika na saa?"

"Gauni jeupe, afande. Mpaka leo anamlaani aliyefanya."

"Endelea. Mlinzi."

Mlinzi huyo watu walimwita Mzee Geti, na balaa lake lilikuwa ulimi wake mwenyewe. Alipoulizwa nani alipita getini mchana ule, alijibu: wapangaji tu, hakuna mwingine. Alama za vidole vyake zilikutwa kwenye kiti cha Msanifu na kwenye saa ya ukutani, na soli ya kiatu chake ilijichora juu ya kiti hicho. Alipoulizwa alikuwa anafanya nini huko juu, alisema asubuhi ya siku hiyo Msanifu alimwita apande kiti, airudishe saa nyuma kwa saa moja, kwa kuwa goti lilikuwa linamsumbua. Alipoulizwa ni nani mwenye akili timamu anayerudisha saa nyuma, alijibu, "Mimi nimetumwa tu." Chumba kizima kiliangua kicheko. Mkuu wa kituo alisema njia ya mwongo ni fupi, akaamuru aandaliwe mashtaka. Kupe naye alicheka. Ndiye aliyeandika pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko wake safi: *saa imechezewa kupoteza muda wa tukio.*

"Sasa Mshirika," alisema.

"Huyo tulishamtoa."

"Mrudishe."

Ofisi ile ilikuwa ya watu wawili, Msanifu na mwenzake mdogo kwa umri, ambaye wote walimwita Mshirika. Walichora majengo kwa ajili ya kampuni moja iliyokuwa mji wa mbali kabisa, ng'ambo ya bahari. Wenzao wakilala, wao wanachora; wenzao wakiamka, wanakuta michoro tayari mezani. Ndiyo maana ukutani palikuwa na saa mbili, moja ya hapa, nyingine ya kule, iliyo nyuma kwa saa saba. Kila Jumatatu walikutana na wateja hao kwa kompyuta, saa kumi jioni ya hapa, saa tatu asubuhi ya kule. Lakini kwa wiki mbili wawili hao walikuwa hawasemezani, wamegombea jina la nani litangulie kwenye michoro, na Mshirika alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwake.

"Mtu wa kwanza kumshuku alikuwa yeye," Koplo alisema, "ila alikuwa mkutanoni. Wateja wameandika wenyewe. 'Saa tatu kamili asubuhi, mkutano umefunguliwa. Saa tatu na dakika mbili, ajenda ya kwanza.' Mpaka saa nne kamili, umefungwa. Mshirika yupo mwanzo hadi mwisho, Msanifu hayupo, ameombewa udhuru na mwenzake. Saa tatu ukijumlisha saba ni saa kumi. Saa kumi na nusu fundi anamwagikiwa vumbi, na Mshirika yuko nyumbani anaongea na watu sita."

"Na ile karatasi ya pili?"

"Ya mtambo wa mkutano. Nani kaingia, nani katoka. Hakuna kitu. Kuna mstari tu hapa juu: mshiriki mmoja wa kwetu, saa mbili hadi saa mbili na dakika kumi na moja, amesubiri mlangoni. Kwetu hiyo ni saa tisa. Alikuwa anajaribu mtambo kabla. Mtu makini."

Kupe alichukua karatasi akaitazama kama mtu anayetafuta mchanga kwenye wali. Kilichomkera ni unadhifu wake. Mikutano aliyoijua yeye huitishwa saa nne, watu wakafika saa tano kasorobo, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, mwenyekiti akapigiwa simu akasema yuko njiani, kumbe ndiyo kwanza anatafuta soksi. Hawa waliandika dakika mbili. Watu wa namna gani wanaandika dakika mbili? Au kuna mtu aliwaomba waandike?

"Barua pepe yetu walijibu baada ya muda gani?"

"Dakika ishirini, afande."

"Sisi tukiandikia makao makuu?"

"Wiki ya tatu sasa."

Ilipogonga saa sita, Kupe alichukua simu akatoka uani. Mdogo wake alikuwa muuguzi katika mji uleule wa mbali, mwaka wa tisa sasa. Kwa kawaida mdogo mtu ndiye hupiga, Jumapili akiwa mapumzikoni, na Kupe hakuwahi kujisumbua na hesabu za saa. Leo alihesabu. Saa sita kutoa saba ni saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao mdogo wake huwa ameamka kuwahi zamu.

Simu iliita sana. Ilipopokelewa, sauti ilikuwa ya usingizi na hofu.

"Dada? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Yaani yupo mmoja, lakini si wetu. Bado umelala? Si unaamka kumi na moja?"

"Naamka kumi na moja. Sasa hivi ni saa kumi, dada! Umeninyang'anya saa nzima ya usingizi."

"Acha deko. Swali moja. Watu wa huko, mtu akiwaomba wamfiche kwa kuandika saa ya uongo kwenye muhtasari wa mkutano, wataandika?"

Mdogo mtu alicheka, japo kwa kulazimishwa. "Hawa? Basi likichelewa dakika tatu wanaandika barua ya malalamiko. Mwaka wa kwanza nilialikwa chakula saa moja jioni, nikafika saa mbili kasorobo kama mtu wa heshima, nikakuta wanaosha vyombo. Walinipa sahani iliyofunikwa, nikala peke yangu wananiangalia. Jirani yangu hajawahi kunisalimia miaka tisa, lakini nikisahau funguo mlangoni ananigongea. Kutosalimia wanaweza, dada. Kudanganya saa hawawezi, wataugua homa."

"Kwa hiyo walioandika saa tatu, ilikuwa saa tatu."

"Saa tatu ya kwao, naam."

Kupe alishukuru, akataka kukata. Kisha akasimama katikati ya ua, mguu mmoja kwenye kidimbwi cha maji ya kuoshea gari.

"Umesema sasa hivi huko ni saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri. Na dakika tano za kelele zako."

"Mimi huku ni saa sita. Sita kutoa saba ni kumi na moja."

"Toa nane. Tumerudisha saa nyuma Jumapili."

"Mmefanya nini?"

"Tumerudisha saa nyuma, nchi nzima. Baridi ikianza tunazirudisha saa moja, joto likija tunazisogeza mbele. Kila mwaka, dada. Huku jua mwezi huu linachelewa kazini na kutoroka mapema, basi watu wanalifuata na saa zao. Ninyi jua lenu halijawahi kuwasumbua, mtajuaje? Ndiyo maana napiga mimi, nikingoja ninyi mhesabu sitasalimiwa mpaka kufa."

Kupe hakusikia mengine. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na yeye alikuwa ametembea gizani siku tatu akijiona mwenye tochi.

Alirudi ndani mbio, kiatu kinachuruzika. "Koplo, Jumatatu mkutano ulianza saa ngapi yetu?"

"Saa kumi."

"Saa kumi na moja. Tatu jumlisha nane. Walirudisha saa nyuma Jumapili, nchi nzima, na sisi tumehesabu kwa saa ya wiki iliyopita."

Koplo alihesabu kwa vidole, akarudia, kisha vidole vikabaki hewani. "Basi saa kumi na nusu huyu bwana…"

"Hakuwa na mkutano wowote. Na Mzee Geti, yule tuliyemcheka?"

Koplo alifungua jalada kwenye ukurasa wa maelezo ya mzee, akaufunga tena haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.

Mahabusu, Mzee Geti alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Alitaka kuinuka kwa heshima. Kupe akamwahi, akachuchumaa.

"Mzee, ile saa uliyoirudisha. Msanifu alikwambia kwa nini?"

"Alisema wateja wake wamebadilisha saa zao. Mimi nikadhani anatania, mwanangu. Nikamwambia, watu wakibadilisha saa, jua nalo wanaliandikia barua? Akacheka. Akasema kila mwaka huwa anaibadilisha mwenyewe, mwaka huu goti limegoma."

"Alimwambia na mwenzake?"

"Nilimuuliza hilo. Maana yule kijana ndiye mwenye miguu mizima. Akasema, 'Huyo? Hajapokea simu yangu wiki ya pili. Ana kiburi, lakini ataona mwenyewe.'"

"Haya mbona hukuyasema Jumatatu?"

Mzee alimtazama kwa upole uliomuuma Kupe kuliko tusi. "Mlikuwa mnacheka."

Kupe alijisikia aibu, aibu ya kweli, ya masikioni. "Jengo lile lina mlango mwingine?"

"Upo wa nyuma, wa kupokelea mizigo. Una funguo tatu. Ninao mmoja, marehemu mmoja, na yule kijana mmoja. Ninyi mliniuliza nani kapita getini. Getini yeye hakupita."

Njiani kwenda kwa Mshirika, Kupe na Koplo walipitia ofisini kwa Msanifu. Chumba kilikuwa kama walivyokiacha: meza ndefu ya kuchorea, kiti chenye alama ya soli ya kiatu, saa mbili ukutani. Kupe alipiga hesabu kidole kikiwa hewani. Saa ya kule ilikuwa nyuma kwa saa nane, bila hitilafu yoyote. Katika chumba hicho kizima, kitu pekee walichokiandika kuwa kimechezewa ndicho kilichokuwa sahihi.

Mshirika aliishi mwendo wa dakika kumi kwa gari. Aliwafungulia mwenyewe, mtu wa miaka arobaini, shati limepigwa pasi, macho hayajalala. Aliwakaribisha chumba cha kazi. Kompyuta kubwa, mchoro wa hospitali ukiwa wazi kwenye kioo, kikombe cha penseli zilizochongwa urefu mmoja.

"Nilidhani mmeshampata," alisema.

"Tumempata. Tunakamilisha karatasi tu," Kupe alijibu, akavuta kiti bila kuambiwa. "Nisaidie. Jumatatu mkutano ulikwenda vipi?"

"Kama nilivyoeleza. Kawaida."

"Ulianza?"

"Saa kumi."

"Nani alifungua?"

"Mwenyekiti wao. Wale hawacheleweshi. Saa ikifika wanaanza, uwe umeshusha pumzi au hujashusha."

"Sisi tungekuwa bado tunaulizana habari za nyumbani," Koplo alichomekea, na Mshirika akatabasamu kidogo.

"Ndiyo, wao tofauti. Wanakupenda kwa kukuheshimia muda. Nimefanya nao kazi miaka minne, na bado sijui kama mwenyekiti ana mke."

"Miaka minne," Kupe alisema. "Ndani ya miaka hiyo wamerudisha saa nyuma mara ngapi?"

Tabasamu halikuondoka usoni mwa Mshirika, lilibaki tu bila kazi.

"Sikuelewi, afande."

"Wao hurudisha saa nyuma kila mwaka. Na mimi sikujua mpaka leo saa sita. Wewe nadhani ulikuwa unaambiwa na Msanifu. Mwaka huu simu zake hukupokea."

Koplo aliacha kuandika.

Kupe alitandaza karatasi ya mtambo wa mkutano juu ya meza, akaielekeza kwake. "Wale ni watu wa kuandika, ndugu yangu. Hata asiyeingia wamemwandika. 'Saa mbili hadi saa mbili na dakika kumi na moja, mshiriki mmoja amesubiri mlangoni.' Saa mbili yao kwetu ilikuwa saa kumi kamili. Uliketi hapa saa kumi, ukabonyeza, ukasubiri. Hakutokea mtu. Dakika kumi na moja. Kisha ukaondoka. Kutoka hapa hadi mlango wa nyuma wa jengo lenu, sisi leo tumetumia dakika kumi. Ulikwenda kufanya nini?"

"Nilikuwa najaribu mtambo."

"Dakika kumi na moja?"

Mshirika aliinua penseli moja kutoka kikombeni, akaitazama ncha, akairudisha. Aliirudisha vibaya, ikaanguka, naye hakuiokota.

"Mmeshawahi kusubiri mbele ya kioo kitupu?" aliuliza hatimaye. "Kimeandikwa: subiri, mwenyeji atakufungulia. Wale hawachelewi. Dakika moja tu nikajua kuna kitu. Dakika ya tano nikajua ni nini. Nikasema amewaambia. Amenitoa. Wanafanya mkutano mahali pengine, wao na yeye, na michoro ni yangu. Hospitali hii yote ni mkono wangu."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Nilimkuta amekaa, mguu juu ya kiti, anakunywa maji. Kompyuta imezimwa. Nikamwambia, mkutano umeuhamishia wapi? Akacheka." Mshirika alikisukuma mbali kikombe cha penseli. "Akaniambia, 'Rudi nyumbani, mkutano bado.' Hivyo tu. Mkutano bado. Na saa ya mkononi kwangu inasema saa kumi na nusu! Nikaona ananifanya mtoto. Akageuka kuchukua fimbo yake. Kile chuma kilikuwa mezani."

Koplo aligeuza ukurasa wa daftari lake.

"Nilirudi hapa sijui nilivyoendesha. Nilikuwa nanawa mikono, kompyuta ikaita. Saa kumi na moja kamili. Nikafungua, nikawaona wote sita, wamechana nywele, na vikombe vyao. Mwenyekiti akasema habari za asubuhi, leo tunaanza na ukurasa wa nne." Aliziba uso kwa viganja. "Alikuwa ananiambia ukweli. Mkutano ulikuwa bado."

"Kisha ukakaa saa nzima ukajadili ukurasa wa nne," Kupe alisema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anajaribu kuelewa.

"Ningefanya nini? Walianza. Na mlipokuja kesho yake, ninyi wenyewe ndio mlioniambia nilikuwa mkutanoni saa kumi. Mimi sikuwaomba. Mlihesabu wenyewe mkanikabidhi."

Kupe alimpa ishara Koplo atoe pingu, akapiga simu kituoni. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini. Gari la mahakamani lilipaswa kuwa linawashwa. Sauti ya mapokezi ilijibu: dereva bado anakula, afande, amesema anakuja sasa hivi.

"Mwambie ashibe," Kupe alisema. "Gari halitoki."

Kuandika na kusaini kulikula alasiri yote. Mkuu wa kituo alisema maneno mawili matatu kuhusu haraka isiyo na baraka, kana kwamba haraka ile ilikuwa ya mtu mwingine. Saa kumi na nusu Mzee Geti alirudishiwa mkanda wake na viatu, na Kupe alimsindikiza hadi mapokezi. Binti aliinuka kutoka kwenye benchi. Alimkumbatia baba yake, akamkagua mikono, shingo, kisha akamgeukia Inspekta.

"Nisamehe, dada," Kupe alisema. "Nilikosea. Gari lipo, litawapeleka nyumbani."

"Nyumbani hatujatukanwa," binti alisema. "Pale kazini kwake ndipo mlipomfunga pingu, mbele ya watu wote, mkawaambia wapangaji muuaji mnaye. Mimi nilitoka hapa jana nikaenda pale kuchukua koti lake, watu wamenipisha njia kama nina ndui. Hiyo samahani ipeleke kule."

"Mwanangu, yatosha," mzee alimnong'oneza.

"Hayajatosha, baba."

Kupe aliangalia sakafu ya kituo, akafikiri juu ya Mkuu wake, na gazeti, na cheo. Kisha akachukua kofia yake.

Walifika jengoni wapangaji wakifunga maduka. Fundi cherehani alikuwa mlangoni na futi shingoni, wengine wameshika funguo, na walipomwona Mzee Geti anashuka kwenye gari la polisi mazungumzo yalikatika ghafla. Kupe alisimama getini, akavua kofia.

"Jamani, nawaomba dakika moja," alisema kwa sauti ya kusikika hadi ghorofani. "Mzee huyu hajaua. Tangu Jumatatu alikuwa anasema kweli, kila neno. Mimi ndiye niliyemsikia, nikamcheka, nikamfungia. Kosa ni langu."

Fundi cherehani alishuka ngazi tatu za mlangoni, akampa mzee mkono, akauweka na wa pili juu yake. "Pole, mzee wangu," alisema, na nyuma yake mwenye duka la vifaa vya shule naye akashuka, kisha mwingine. Mzee Geti alipokea mikono hiyo mmoja baada ya mwingine, akiitikia kila pole kwa jina la anayeitoa. Binti yake alisimama kando na lile koti mkononi, akamwangalia Kupe mara moja, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaenda kumvalisha baba yake.